Mlango wa Uzi Unaooza

Mtego ulikuwa juu ya meza ya ofisi, umetandikiwa magazeti ya zamani, ukichuruzika maji. Ulikuwa umekaa chini ya bahari miezi kumi na minne. Kutu ilikuwa imekula pembe mbili za fremu na wavu ulikuwa umeota majani, lakini mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa vilevile kama siku ulipotoka mikononi mwa aliyeushona. Ndani mlikuwa na magamba matupu ya kaa kumi na mmoja, na kaa mmoja mzima, mnene, aliyepungukiwa mguu.

Afisa wa uvuvi hakuuliza mtego ni wa nani. Kamba ya boya ilikuwa imekatwa na panga la injini ya boti, na namba ya mwenyewe ilikwenda na boya. Aliuinamia mlango, akaonesha kwa ncha ya kalamu: mishono ishirini na miwili, kila mmoja sawasawa na mwenzake, uzi umepitishwa mara mbili na kurudishwa nyuma. Gati nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayeshona hivyo, naye alikuwa amekaa mbele yake.

"Ni wangu," alisema Fundi Turubai.

Alikuwa na miaka sitini na saba. Arobaini na mmoja kati ya hiyo alishona maturubai ya malori, na tangu astaafu alikuwa akivua kaa kwa leseni ya burudani: mitego mitatu, siku moja kwa wiki, kituo namba kumi na nne, sehemu yake pale gatini. Kanuni za leseni alizijua kuliko waliozigawa. Macho ya wavu wake yalikuwa na upana uliotakiwa. Matundu ya kutokea kaa wadogo aliyapima kwa kipimo cha chuma, maana rula za plastiki hakuziamini. Kilichomponza ni kifungu cha tisa. Kifungu hicho kilitaka kila mtego uwe na mlango mmoja ulioshonwa kwa uzi wa pamba usiotiwa dawa, mishono isiyozidi sita, ili mtego ukipotea uzi uoze, mlango ufunguke, kaa wajitokee. Alikisoma mara moja, akakichukulia kuwa ni ushauri wa watu wasiojua kushona.

Afisa alimweleza kwa upole, na upole ule ndio ulimkera zaidi. Kaa wa kwanza huingia kwa ajili ya chambo, alisema. Akifa anakuwa chambo cha wa pili, na wa pili cha wa tatu. Mtego uliopotea haujui kwamba umepotea; unaendelea na kazi. Wale kumi na mmoja walikuwa wale tu ambao magamba yao yalibaki.

Kisha akasoma adhabu. Leseni imesimamishwa. Ili irudi, Fundi Turubai alete mitego mitatu, izamishwe chini ya gati siku thelathini. Siku ya thelathini kila mlango utatundikwa jiwe la nusu kilo. Uzi ukikatika, amefaulu. Kituo chake kitashikiliwa siku tisini, na ndani ya siku hizo lazima afisa akague mtego halali hapo kituoni. La sivyo, siku ya tisini na moja kituo kinakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Redio, jirani yake, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Alikuwa na kituo namba thelathini na moja, kando ya bomba la maji machafu, na kwa miaka sita hakuna wiki iliyopita bila kuitaja namba kumi na nne kama watu wanavyotaja shamba la urithi. Siku hiyo alikuwa nje ya ofisi, ameegemea ukuta, hana hili wala lile.

"Fundi, nasikia unaendesha gereza huko chini," alisema. "Na hakuna mfungwa aliyewahi kutoroka. Hongera."

Fundi Turubai alimpita, akashika njia ya nyumbani. Alikishika kituo kile miaka saba, tangu wiki aliyostaafu. Alijua mahali mawe yalipo, mahali mchanga unapoanzia, na saa ambayo kivuli cha nguzo kinaondoka. Siku sita za wiki zilikuwa na dawa za presha na televisheni. Ya saba ilikuwa na namba kumi na nne. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Alianza na uzi, akidhani ndiyo sehemu rahisi. Alikwenda maduka tisa. Kila duka lilikuwa na uzi ulioandikwa pamba halisi, na kila mara alikata kipande, akakichoma kwa kiberiti. Pamba ikiungua huacha majivu laini. Nailoni huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Alipata vidonge vyeusi vinane. Muuza duka wa tano alimkumbusha kwamba pale ni dukani, si jikoni. Wa saba alimuuliza kama ana ugomvi na kampuni ya nyuzi. Wa tisa hakumpa hata nafasi ya kutoa kiberiti. Aliandika barua ofisini kuuliza uzi unaokubalika unauzwa wapi, akajibiwa kwa nakala ya kifungu cha tisa, kimepigiwa mstari.

Mwishowe aliupata kwa mshona magodoro mmoja aliyekuwa na mabunda mawili ya uzi wa zamani chini ya benchi, yamejaa vumbi. Aliuchoma. Majivu. Siku kumi na sita zilikuwa zimeshakwenda. Alishona milango mitatu jioni ileile, mishono sita kila mmoja, akaipeleka asubuhi, na kwa mwezi mzima akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Siku ya kupima, afisa alivuta mtego wa kwanza akaulaza ubavu kwenye sakafu ya gati. Alitundika jiwe la nusu kilo. Mlango haukutikisika. Alitundika kwenye wa pili, kisha wa tatu. Halafu, kwa udadisi wake tu, aliongeza jiwe la kilo nzima. Uzi ulikaza kama waya. Kwa nukta moja Fundi Turubai alijisikia fahari, kisha akakumbuka kwamba amefeli.

Afisa aliupapasa uzi kwa kidole gumba, akakinusa.

"Umetia nta, mzee. Hautaoza huu."

"Sijatia."

Hakusema uongo. Afisa alitazama mfuko wa shati lake, naye akafuata macho yake. Mfukoni mlikuwa na kipande cha nta, kikubwa kama sabuni ya hotelini, kimechimbika mifereji na nyuzi za miaka. Alikitoa. Katika mmoja wa mifereji palikuwa na vumbi jeupe la pamba, jipya. Mkono ulipitisha uzi kwenye nta wenyewe, kama ulivyofanya maelfu ya mara, na kichwa hakikuarifiwa.

"Na hii mishono," afisa aliendelea, akihesabu, "ni sita, sawa. Lakini kila mmoja umeurudia nyuma. Kwa hiyo ni kumi na miwili."

Redio alikuwa hatua tatu nyuma yao, akijifanya anatazama meli. Kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Alianza tu kutembea polepole kando ya kituo namba kumi na nne, akihesabu hatua zake.

Siku arobaini na saba zilikuwa zimekwisha. Zilibaki arobaini na tatu, na jaribio lilikula thelathini. Hesabu ilikuwa wazi: jaribio moja tu liliwezekana, na lazima liwe limeanza ndani ya siku kumi na tatu.

Wiki nzima alijaribu nyumbani. Nta aliifungia kabatini, na ufunguo akampa mke wake. Alikaa kwenye meza ya chakula na mtego mbele yake, akashona mshono mmoja, akajizuia. Wa pili, akajizuia. Kwenye wa tatu alikuta sindano imeshageuka na kurudi nyuma. Alifumua. Alianza tena, safari hii akihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza aliuvuta uzi na kugundua kwamba ameufunga kwa fundo la maturubai, lile linalozidi kukaza kila likivutwa. Hakukumbuka kulifunga. Alifumua. Siku ya tano alitupa sindano, ikagonga ukuta ikaanguka nyuma ya friji, na alitumia saa nzima ya asubuhi akiitafuta kwa fimbo ya ufagio, akisema maneno ambayo mke wake hakuwa ameyasikia tangu enzi za karakana.

Mkono usioaminika hauwezi kupewa kazi isiyorudiwa. Huo ulikuwa ukweli, na yeye alizoea kuufuata ukweli hata ulipompeleka pabaya. Siku ya hamsini na nne alimwomba mke wake ashone.

Mke wake alikuwa karani wa posta mstaafu. Alikuwa akisoma gazeti, na hakulishusha mara moja.

"Mimi?"

"Mishono sita tu, mama. Ya kawaida."

"Mfuko wa suruali yako ya bluu niliushona, ukaufumua," alisema, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya vifurushi. "Pazia la jikoni, ukalifumua. Sare ya shule ya binti yako, mtoto amelala, uliifumua na kuishona upya, asubuhi ukanyamaza kimya. Miaka ishirini na nane sijashika sindano nyumba hii. Leo kazi yangu imekuwa nzuri?"

"Si nzuri," alisema. "Ndiyo maana."

Alijua kosa lake kabla sentensi haijamalizika. Mke wake alilishusha gazeti, akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kukataa kuisha. Alipofuta machozi alitoa masharti yake. Atashona, lakini fundi atoke nje ya nyumba mpaka aitwe, na akishamaliza, asiguse hata uzi mmoja.

Alitoka. Alizunguka mtaa mara nne. Aliporudi, mishono ilikuwa imekwenda kila upande, mirefu na mifupi, mmoja umelegea kiasi cha kupitisha kidole. Kwenye basi la kwenda ofisini aliipakata mitego, akaukunja mkono wa kulia kwapani safari nzima ili usifanye jambo.

Siku ya themanini na tano, uzi wa mlango wa kwanza ulikatika kabla afisa hajaliachia jiwe vizuri. Mlango wa pili ulikuwa umeshafunguka wenyewe, na wa tatu ulikatika kwa jiwe kama wa kwanza. Afisa alitabasamu, akagonga muhuri kwenye leseni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamrudishia mitego yake. Milango yote mitatu ilikuwa inaning'inia.

"Sasa shona upya, ulete mmoja kituoni Jumamosi," alisema. "Nitapita kukagua asubuhi."

Hili hakulifikiria. Alikuwa amefikiria jaribio siku themanini na tano, na hata mara moja hakuwaza kwamba mtego uliofaulu ni mtego usio na mlango. Mke wake alikuwa ameondoka jana yake. Binti yao alikuwa amejifungua, na mama amekwenda kumsaidia, siku kumi kwa uchache, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alimpigia simu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kilio cha kichanga.

Alimweleza. Alisema amebaki na siku tano, kwamba Redio ameshaanza kuulizia kama vile vyuma vya kufungia kamba vinahamishika au vinabaki na kituo. Alisema hawezi kushona mlango ule.

"Hujui kushona?"

"Sijui kushona vibaya."

"Basi jifunze, babu," alisema mke wake. "Mimi nina mjukuu mkononi." Na simu ikakatwa.

Siku tatu alijifunza, na siku tatu mkono wa kulia ulimshinda. Alijaribu kuvaa glavu. Alijaribu kushona huku akitazama televisheni, na hiyo ikawa mbaya kuliko zote, maana mkono ulipoachwa peke yake ulishona turubai kamili. Ijumaa asubuhi alikaa mezani, akaitazama mikono yote miwili iliyokuwa mbele yake. Wa kulia ulikuwa na sugu kwenye kiganja, mahali ilipokaa ngozi ya kusukumia sindano. Wa kushoto haukuwa na kitu. Kwa miaka arobaini na mmoja kazi yake ilikuwa kushika kitambaa kisisogee.

Aliihamisha sindano.

Mshono wa kwanza ulikwenda kombo. Aliutazama kama mtu anayemkuta mgeni kwenye kiti chake, kisha akauacha. Wa pili ulikuwa mrefu mara mbili ya wa kwanza. Sindano ilimchoma kidole gumba, jambo ambalo halikumtokea tangu akiwa mwanafunzi wa karakana, na damu ikaingia kwenye uzi. Alishona mpaka wa sita, akafunga fundo ambalo hata yeye hakulijua jina lake, na mlango mmoja ulimchukua saa moja na dakika ishirini.

Jumamosi Redio alikuwa ameshafika gatini na kiti chake cha kukunja, amekifungua katikati ya namba kumi na nne. Alipomwona Fundi Turubai na mtego begani alisimama polepole, akakikunja kiti, akasema alikuwa anamshikia nafasi tu. Hakuna aliyemwamini, hata yeye mwenyewe.

Afisa alikuja saa tatu. Aliuinamia mlango, akahesabu mpaka sita, akapapasa uzi, akanusa kidole, akaandika.

"Kazi nzuri, mzee."

Maneno hayo alikuwa ameambiwa maisha yake yote, na hayakuwahi kumuuma mpaka siku hiyo. Alisubiri afisa afunge daftari lake. Alifunga boya jipya, akatia chambo, kisha akauteremsha mtego taratibu akiwa ameugeuza, mlango upande wa nguzo, ili Redio asiuone mshono.