Nyonga Kabla ya Mikono

"Nyonga kwanza," kaka alisema, akisaga udongo kwa kisigino cha mguu wa nyuma. "Mikono ni kama wageni wa harusi. Inafika mwisho, halafu inajipa sifa zote."

Tangu aanze kuichezea timu ya besiboli ya kiwanda, mimi dada yake ndiye niliyemrushia mipira ya mazoezi, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya bohari. Uzito ukae mguu wa nyuma. Mguu wa mbele upige hatua fupi. Nyonga zigeuke, kifua kifuate, viwiko visiachane na mbavu, na rungu la kupigia mpira lije nyuma ya vyote. Kichwa kisitikisike. Akisimama hivyo nilimwonea fahari.

Mwaka ule akaanza kukosa mipira. Akalaumu rungu, akalifunga utepe mpya. Akalaumu viatu. Mwishowe akazigeukia nyonga, akajifunza upya kama mtoto anayeanza kutembea. Pigo likawa safi kuliko zamani, na mpira ukampita vilevile.

Kocha alikuwa ametangaza kwamba baada ya mechi ya Jumamosi atapunguza wachezaji. Hilo halikunitisha. Kilichoninyima usingizi ni mrushaji wa timu pinzani, jamaa aliyewahi kumvunja mtu taya kwa mpira, na mtu yule aliuona ukija.

Ijumaa jioni nikasimama mahali pangu.

"Rusha kwa nguvu," akasema. "Usinionee huruma."

Nikanyanyua mguu, nikazungusha mkono, nikaufikisha mbele kwa kasi yangu yote. Mpira sikuuachia.

Kaka akapiga. Sijapata kuona pigo zuri kama lile, kabla wala baadaye. Rungu lilivuma hewani, likaishia begani kwake. Nikajua alikuwa akiufuata mkono wangu tu.

"Nimechelewa," akasema akihema. "Umepita juu au chini?"

Nikamwendea, nikamfungua vidole, nikamwekea mpira kiganjani. Alipapasa mishono yake yote, taratibu, bila kuuangalia. Nilimsihi amwambie kocha habari ya macho yake. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka.

"Kesho usije kutazama," akasema.

Nilikwenda, na mpira ulipompiga, ni mimi niliyempakata kichwa garini mpaka hospitali.