Kasoro Tatu Kabla ya Sifa Moja

Hanifu Msafiri alikuwa dalali wa nyumba pale Dodoma mjini, na watu wengi walimwita mwongo, lakini walimwonea. Hanifu aliipenda kila nyumba aliyoiona, kwa dhati ya moyo wake. Akionyeshwa chumba kisicho na dari, aliona hewa. Akionyeshwa choo kilichojengwa mbali na nyumba, aliona afya ya miguu. Safari moja alimpeleka mwalimu kwenye nyumba ya Nkuhungu ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeanguka. Akasimama juu ya kifusi, akatazama nje kwa furaha, akamwambia kwamba sebule yenye mandhari kama ile hajapata kuiona. Mwalimu aliondoka hapo akaenda moja kwa moja kwa afisa biashara.

Malalamiko hayakuwa ya mwalimu peke yake. Biashara ilikuwa imefunguliwa nchini, na kila aliyepunguzwa kazini, mradi ana viatu, alikuwa dalali. Waliokuwa wakiuza kwenye maduka ya ushirika walikuwa madalali, mafundi cherehani walikuwa madalali. Nyumba moja ilionyeshwa na madalali watano kwa wateja watano asubuhi moja, wote wakakutana jikoni na kuanza kuulizana nani ndiye mwenye nyumba. Mwishowe afisa biashara akawaita, akawaambia wajitungie utaratibu, la sivyo atawatimua wote pale sokoni Majengo walipozoea kusubiri wateja.

Ndipo ukazaliwa Umoja wa Madalali. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bartolomayo, karani mstaafu wa reli, mtu aliyependa mihuri kuliko chakula. Alikaa na taipureta yake wiki nzima, akaibuka na kanuni kumi na mbili. Kila dalali angefanya mtihani, na asiyeshinda hapati leseni, na asiye na leseni asionekane akimwonyesha mtu hata kibanda cha kuku. Kanuni iliyowatesa wengi ilikuwa ya nne: dalali atamweleza mteja kasoro tatu za nyumba kabla ya kutaja sifa moja.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa maswali. Hanifu aliulizwa ataje kasoro za nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga. Alifikiri sana, jasho likamtoka, kisha akasema kasoro yake ni kwamba mwenye nyumba anayo moja tu ya namna ile. Akaanguka mtihani. Ikabaki nafasi ya mwisho, mtihani wa vitendo.

Nyumbani, Salha mkewe akaamua kumfundisha. Alimsimamisha katikati ya uwanja wao, akamwambia aanze na nyumba yao wenyewe. Hanifu alikohoa, akasema dirisha la chumbani halifungi vizuri. Salha akampongeza. Akasema uwani kuna shimo. Salha akampongeza tena. Kumbe alikuwa amemfungulia mlango wa kasoro. Hanifu akahamia kwenye sufuria, akatoka kwenye sufuria akaingia kwenye mandazi ya mkewe, akasema wenye meno mabovu wangepaswa kuonywa mapema. Kisha akamtaja shemeji yake, aliyekuja kusalimia mwezi wa Ramadhani na mpaka leo analala sebuleni. Salha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kaka yake si sehemu ya nyumba. Hanifu akajibu kwamba kitu kisichohamishika huhesabiwa pamoja na nyumba. Asubuhi Salha akampa kaka yake mandazi yote.

Jumamosi ya mtihani wakakutana Kizota, kwenye nyumba ya Mzee Eliakimu, Mgogo aliyestaafu kazi ya kujenga barabara. Nyumba hiyo ya kupangisha aliijenga peke yake, naye alikuwa amevaa koti siku hiyo kwa heshima ya tukio. Mzee Bartolomayo alikuja na daftari. Mtahini wa pili alikuwa Bi Sabiha, dalali mwanamke pekee katika Umoja. Mteja hakuwa wa kuigiza: alikuwa Priska, muuguzi aliyehamishiwa mjini kutoka Chemba, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akizungushwa na madalali bila kupata pa kukaa.

Hanifu akampa mzee shikamoo, akapokea marahaba yake, kisha akaanza. Kasoro ya kwanza, alisema, ni gereji ya jirani: wanaanza kugonga mabati alfajiri, na mchomeleaji wao huimba, na kati ya hayo mawili nyundo ndiyo afadhali. Ya pili, mlango wa mbele hufunguka nusu. Mgeni huingia ubavu, na mgeni mnene itabidi apokelewe dirishani. Ya tatu, bomba la uwani. Lipo, limepakwa rangi, ila halijawahi kuunganishwa na kitu chochote duniani. Akaligonga, na mjusi akatoka.

Mzee Bartolomayo akasema zimetosha, sasa atoe sifa. Lakini Hanifu alikuwa ameonja, na utamu ulikuwa umemkolea. Akapita misumari ya bati moja moja. Akaufikia ukuta wa chumbani, akaukodolea jicho, akamweleza Priska kwamba umepinda kiasi kwamba akiweka kitanda, kichwa chake kitalala Kizota na miguu italala Nkuhungu.

Mzee Eliakimu alikuwa amevumilia kwa muda mrefu. Akamsogelea.

"Kijana, nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu mwenyewe."

"Inaonekana, mzee," Hanifu akajibu kwa adabu zote.

Mzee akaingia ndani, akaubamiza mlango kwa hasira. Ukafika nusu, ukagoma. Akaubamiza tena. Mwishowe akauacha hivyo, akaenda kukaa chumbani.

Priska alikuwa amekaa juu ya jiwe, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Alipotulia, akasema anaichukua. Mzee Bartolomayo akamkumbusha kwamba ule ulikuwa mtihani tu. Akajibu kwamba mabegi yake si mtihani, yako kwa shangazi yake, na shangazi amechoka.

"Mwezi mzima nimeonyeshwa nyumba zisizo na kasoro," alisema. "Hii angalau najua kinachonisubiri."

Kutoka ndani, Mzee Eliakimu akasema hampangishi mtu anayeijua nyumba kiasi hicho. Priska akaenda dirishani, akamsalimu kwa Kigogo, wakazungumza taratibu. Alimuuliza habari za msingi wa mawe, aliyabebaje peke yake. Mzee akatoka, ubavu, ili amwonyeshe. Mpaka jua linafika utosini walikuwa wameelewana: mlango utarekebishwa, ila bomba libaki, maana linaupa uwanja heshima.

Watahini walijifungia darasani katika shule ya jirani. Mzee Bartolomayo alishikilia kwamba Hanifu ameanguka, kwa kuwa kanuni ya nne inadai sifa baada ya kasoro, naye hakutoa hata moja. Bi Sabiha akasema alitoa. Alisema, "Inaonekana, mzee." Mzee Bartolomayo akasema lile lilikuwa tusi. Wakabishana mpaka wakaona heri wamwite mwenyewe.

Hanifu akashangaa kuulizwa. Alisema mtu wa miaka sitini amebeba mawe peke yake, akapandisha kuta nne, nazo zimesimama. Sasa mikono yake isipoonekana humo ionekane wapi? Alisema nyumba ile aliipenda tangu getini. Bi Sabiha akamgeukia mwenzake. Mzee Bartolomayo akafungua kibweta cha mihuri, akapiga mitatu pale ulipohitajika mmoja.

Jumatatu Mzee Eliakimu akamfuata sokoni. Walipomaliza salamu, akamweleza Hanifu kwamba si haki nyumba moja tu ya Kizota ijulikane kwa undani, na jirani yake Gideoni anayo inayostahili kutazamwa. Hanifu akamjibu kwa heshima kwamba dalali mwenye leseni hakagui nyumba bila idhini ya mwenyewe, hiyo ni kanuni ya tisa. Mzee akauliza kama kanuni inakataza kuitazama ukiwa upande wa pili wa uzio, umekaa kitini, unakunywa chai.

Hanifu akatoa karatasi ya kanuni mfukoni, akazisoma zote kumi na mbili polepole, akageuza na nyuma. Hakuna iliyokataza. Jumamosi akaenda, na kabla chai haijapoa alikuwa amefika kasoro ya kumi na moja.