Redio Kaseti Iliyonitaka Nijibu

Jana usiku niliota redio kaseti ya darasa letu imeniamkia.

"Shikamoo, Mzee Shigela," ikasema. Ilikuwa imejifunika kile kitambaa chake cha kufuma, kama bibi anayekwenda kanisani.

"Marahaba," nikajibu. Kukataa salamu sikuzoea, hata ya betri.

"Kaa chini. Leo hutoki mpaka upande wa kwanza uishe."

Hapo miguu ikaanza kuniwasha. Mimi nimesoma shule nne na sikumaliza hata moja; kila nikisikia lori linanguruma barabarani, nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda msalani, na msala wenyewe nikaukuta Mpanda, mara nyingine Tunduma. Sasa nina mvi mpaka masikioni na nasoma kisomo cha watu wazima hapa kijijini. Mwalimu Nyanzobe anafundisha vijiji viwili, kwa hiyo siku asizokuja hufundisha kaseti. Mimi ndiye mbonyezaji, na redio hulala kwangu. Nilisema naijua mitambo, kwamba nilizunguka na gari la sinema. Ni kweli nilizunguka nalo. Nilikuwa nabeba viti.

Mwalimu alizirekodi kaseti zile zamani, kabla sijatia mguu kijiji hiki, na ameacha nafasi za sisi kumjibu. Tunasimama, tunaiambia redio, "Shikamoo, mwalimu!" Inajibu, "Marahaba, kaeni." Betri zikichoka tunakaa polepole sana.

Basi katika ndoto niko darasani, mchana mweupe. Ukutani kuna ile amri ya Mwalimu: KABLA YA KUREKODI, TOENI NJE KELELE ZOTE. Watu wanazitoa. Bi Milembe, tunayesoma naye, anapita na kikohozi chake ndani ya ndoo. Wawili wamebeba mngurumo wa mashine ya kusaga, wameshika huku na huku, wanaambiana, "Inamisha, mlango huo." Mwenye jogoo ameambiwa jogoo abaki, sauti itoke.

"Na hii ya nani?" anauliza Bi Milembe. Ameokota kitu chini ya dawati langu.

"Ni mkoromo wangu," nasema. "Uache, hauna madhara."

"Una harufu ya safari, Mzee Kiguu na Njia. Nje!"

Kimya kikaingia, kikakaa dawati la mbele. Redio ikajibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kuchezea na kile chekundu cha kurekodi, na sauti ya Mwalimu Nyanzobe ikauliza:

"Kwa nini mto hupinda? Nani atanijibu?"

Hakuna aliyejibu. Na kwa kuwa hakuna aliyejibu, somo likagoma kuendelea. Bi Milembe akaganda kidole juu. Nzi akaganda hewani. Mwalimu mwenyewe yuko ndani ya redio, namwona kwenye kidirisha cha kaseti, mkono wa chaki kauinua.

"Jibu, mzee," redio ikaninong'oneza. "Nafasi hii ni yako. Usipoijaza, nitarekodi kitu kingine juu yako."

"Kitu gani?"

"Kwaya ya akina mama."

Nikadhani ni utani. Lakini mkono wangu wa kushoto ukaanza kuimba sauti ya pili, tena vizuri kuliko nilivyowahi kuimba mimi.

"Mto hupinda," nikasema haraka, "kwa sababu umesahau kitu nyumbani."

"Uongo. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Natembea kinyumenyume kupita Tunduma, kupita Mpanda, naaga watu kwanza ndipo nawasalimia. Mama ntilie mmoja ananinyang'anya chapati iliyo tumboni, ananirudishia njaa. Nikafikia kwenye benchi la darasa la pili, ndevu zangu zote kidevuni, miguu haifiki chini. Mwalimu Nyanzobe hakuweza kuingia, alikuwa hajazaliwa. Akasubiri mlangoni, mkono ule ule juu.

"Kwa nini mto hupinda?"

"Mto hupinda kwa heshima. Ukiona mkwe wake anakuja."

"Uongo," ikasema redio. Goti la kulia likadaka kiitikio. Kifuani akina mama walikuwa wanapanga mistari, nasikia mmoja anasema, "Sogea, hapa pana moyo."

Nje lori likanguruma. Dereva akaniita kwa jina. Mlango wazi, msala uko njia hiyo hiyo. Nikainuka nusu.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa hana hasira. Alikuwa amechoka mkono tu, na asingeweza kuushusha mpaka mtu aseme neno. Akina mama walishafika kooni. Nilikuwa nimebaki na sauti ya maneno mawili.

"Sijui, mwalimu."

Mkono ukashuka. Nzi akaendelea na safari. Lori likazimika, dereva akaja kukaa nyuma.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, redio iko juu ya sanduku pembeni ya kitanda, imefunikwa. Nikajicheka: mzee mzima kuogopa kwaya. Hata hivyo nikaibonyeza, nijaribu tu betri.

"Kwa nini mto hupinda? Nani atanijibu?" Kwenye nafasi hii siku zote husikika mvumo wa kaseti tu, kisha Mwalimu husema, "Vizuri sana, wote," hata tukiwa tumenyamaza kama magunia.

Safari hii kikasikika kikohozi, halafu sauti kavu ya mzee ninayemfahamu:

"Sijui, mwalimu."

"Ahsante, Mzee Shigela," akasema Mwalimu. "Basi kaa, nikueleze."

Nikakaa.

Jioni darasa zima litaisikia sauti hiyo, na Bi Milembe atacheka mpaka kitenge kimdondoke. Kitufe chekundu kiko pale, kidole kimoja hapa na kimoja pale, ningekuwa nimeifuta. Badala yake nimeifunika redio kwa kitambaa chake. Mto, kumbe, hupinda kwa sababu ya...

Hapana. Njooni darasani.