Mishale ya Koko Agathe

Saa kumi alasiri Chancelle alikuwa akichagua maharagwe, nyumbani kwao Nguba, bibi yake alipoingia na mishale saba mgongoni. Jana ilikuwa mitano. Bibi huyo, Koko Agathe, alizikwa miaka mitatu iliyopita. Mama Adèle, mama yake Chancelle, akamsogezea kigoda, maana mgongo wenye mishale hauegemei kiti.

Kosa lilikuwa la Chancelle. Huichorea wahusika kampuni moja ya ng'ambo ya michezo ya simu. Walipotaka malkia, aliishusha ukutani picha ya matanga ya bibi yake, akamchora kwa rangi yake ileile, na taji juu. Kampuni ilijibu kwa adabu: uso una nguvu, ila wachezaji hawatamwamini malkia wa namna hii, afadhali awe mchawi wa kinamasini. Malkia wakampata mwingine, mweupe kama unga wa muhogo. Adabu ya aina hiyo ni matusi yaliyopigwa pasi. Chancelle alisaini awe mchawi, kwa kuwa hakuna kampuni nyingine iliyowahi kumjibu, na aibu ikabaki kwake.

Tangu hapo, kila wachezaji wanapomuua Koko huko mchezoni, mishale huja naye huku. Mama Adèle huichomoa kabla ya chakula na kuiweka karibu na makaa.

"Koko, niliandikia bale bakubwa ba kampuni," Chancelle alisema. "Niliomba bakutoshe mule, bakufute."

"Banasema nini?"

"Banasema batu banakupenda sana. Banataka bachawi bengine kumi na mbili ba sura yako."

"Niko nachoka, mutoto wangu."

Mkekani, Lydie, binti wa Chancelle wa miaka tisa, alishangilia huku ameshika simu ya mama yake. Mshale wa nane ukatokea begani mwa Koko.

"Lydie! Juu ya nini unamuua?"

"Maman, ule iko mubaya."

"Nani alikuambia?"

"Hauone vile iko mweusi?"

"Muangalie muzuri. Si ni Koko?"

Lydie akamtazama Koko, kisha kioo cha simu, bila haraka.

"Hapana, maman. Koko iko mutu."

Lydie akaweka simu chini, akaenda kuuchomoa ule mshale polepole, asimuumize bibi. Alipomaliza akarudi mkekani, akaendelea kucheza.