Alama Moja ya Nzembi

Mwalimu Jamleck Mbaluka alikuwa na wanafunzi sitini na wawili wa Gredi ya Tano, na muhula ule alitakiwa amsikilize kila mmoja wao akisimulia kisa mbele ya wenzake. Rubriki ya tathmini ilikuwa ukurasa mmoja tu. Kando iliorodhesha mambo ya kuangaliwa: sauti, ujasiri, mpangilio wa matukio, ishara za mwili. Juu palikuwa na visanduku vinne, kuanzia Kuzidisha Matarajio, ambayo ni alama nne, hadi Mbali na Matarajio, ambayo ni moja.

Aliwasikiliza kumi na tisa. Kisha yakaja mashindano ya riadha, ikaja mvua iliyoingia darasani, na kilichobaki ni kosa lake mwenyewe. Kila ilipogonga saa kumi alikuwa ameshashika mkoba kwenda Lavington, mtaa wa matajiri, alikokuwa akimfundisha mtoto mmoja nyumbani kwao kwa malipo. Huko alikaa saa mbili nzima na mtoto yule mmoja, akimkatiza kwa upole na kumrudisha nyuma mpaka kisa kikanyooka.

Asubuhi ya kuwasilisha alama za katikati ya muhula aliketi chumba cha walimu na kikombe cha chai, akawajazia wale arobaini na watatu waliobaki. Wachangamfu aliwapa tatu. Watoro aliwapa mbili. Alipofika kwa Nzembi, msichana wa dawati la nyuma, alijaribu kuikumbuka sauti yake akashindwa. Akaandika moja. Kwenye nafasi ya maoni akaongeza: "Sauti haisikiki. Hutazama chini." Alipomaliza orodha yote, chai ilikuwa bado ya moto.

Juma lililofuata mama yake Nzembi alikuja shuleni. Aliitwa Kalekye, na alikuwa akiuza ndengu, mbaazi na maharagwe katika soko la Kangemi. Mwalimu alipomwona mlangoni na ripoti mkononi, alijua amekuja kuteta. Kumbe sivyo. Kalekye alikataa kiti mpaka alipokaribishwa mara ya pili, akaomba radhi kwa kumpotezea muda. Alisema shule yeye aliiachia darasa la sita huko Kitui, na alama za siku hizi hazielewi sana, lakini moja anaielewa. Alitaka tu kuonyeshwa mtoto alipokosea ili wamsaidie nyumbani.

Hapo ndipo mwalimu angesema kweli. Walikuwa wawili tu chumbani, na mama mwenyewe alikuwa mpole. Badala yake aliitandaza rubriki mezani na kuanza kueleza. Alisema Nzembi alizungumza kwa sauti ya chini. Alisema hakuwatazama wenzake machoni. Alisema kisa alikianzia katikati. Kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kuona kama kwamba anakumbuka. Kalekye aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayeelezwa jinsi ya kumpa mgonjwa dawa. Mwishowe aliomba nakala ya karatasi ile, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake.

Mwalimu hakula chakula cha mchana siku hiyo. Alijiambia kwamba mambo hayo yatasahaulika, kwamba hata walimu wengine hujaza hivyo hivyo, na kwamba muhula ujao atamwita msichana yule wa kwanza kabisa. Lakini darasani alianza kuliepa dawati la nyuma kwa macho.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi moja adhuhuri, akitoka Lavington, alipitia sokoni Kangemi kununua mboga. Kwenye safu ya nafaka aliona wanawake wamekusanyika, naye akanyoosha shingo. Nzembi alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda katikati ya magunia, anasimulia. Karatasi ya rubriki ilikuwa imebanwa kwenye nguzo ya kibanda cha mama yake, imeingia madoa ya vidole. Msichana alikuwa akieleza jinsi susu yake, yaani bibi yake, alivyomfuata ndege wa asali porini tangu asubuhi, akimpigia mluzi na ndege akijibu, mpaka wakaufikia mzinga uliokuwa ndani ya shina lililooza. Kila alipoinamisha macho, Kalekye aligonga debe kwa kopo la kupimia, naye akainua uso upesi. Mwanamke wa viazi akamwambia aongeze sauti, hata wa kule kwenye mitumba wasikie.

Ndipo Nzembi akamwona mwalimu wake. Neno likamkatikia kinywani. Lakini hakutazama chini. Alimkazia mwalimu macho yaliyojaa machozi, kwa sababu karatasi ilisema mtu atazame mbele, akaendelea hadi mwisho.

Kisa kilikuwa kizuri. Mwalimu Mbaluka alikuwa akiisikia sauti ya mtoto yule kwa mara ya kwanza, na ilikuwa sauti safi, ya mtu anayejua anakokwenda.

Kalekye aligeuka, akamwona, akafurahi. Alipangusa kiti, akamkaribisha, akawajulisha wenzake kwamba huyu ndiye mwalimu mwenyewe. Alisema wamekuwa wakifanya hivi kila siku mtoto akitoka shule, hata siku alizokuwa na homa.

"Sasa mwalimu, tuambie ukweli," akasema. "Amefika kisanduku gani?"

Mwalimu alisema nne. Wanawake wakapiga vigelegele. Nzembi alishuka kwenye kreti bila kutabasamu.

"Unajua huyu alinisumbua?" Kalekye akaendelea, akicheka kidogo. "Siku ile nilitoka kwako, aliniambia eti hukumwita. Eti hukumsikiliza hata siku moja. Nikamchapa. Nikamwambia, mtoto wangu hawezi kumsingizia mwalimu."

Vigelegele vilikuwa vimekwisha, na wateja walikuwa wanarudi kwenye magunia. Mwalimu aliona angeweza kununua mboga zake na kuondoka, na hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye na mtoto. Alimtazama Nzembi. Nzembi alikuwa anaokota ndengu zilizomwagika, moja moja, kama hayamhusu.

"Mama Nzembi," akasema, "mtoto alikuambia ukweli. Sikumwita."

Kalekye hakuelewa mara moja, ikabidi arudie. Akamweleza yote: wale kumi na tisa, chai, namna alivyoyatunga maneno mezani akimwangalia usoni. Mwanamke wa viazi aliacha kupima.

Alingoja atukanwe. Kalekye hakumtukana. Alikaa juu ya gunia, akamvuta binti yake karibu na kumwambia kwa Kikamba amsamehe kwa fimbo ile. Nzembi akasema sawa, mama. Mwalimu alikuwa Mkamba pia, akasikia kila neno. Hakuna matusi ambayo yangemuuma vile.

Jumatatu alimweleza mwalimu mkuu, Bi. Everlyn Obuya. Alama zilikuwa zimeshatumwa, na kuzibadilisha kulihitaji barua yenye sababu. Akaiandika na kutia sahihi. Wenzake wawili waliacha kumsalimu, maana barua ile ingefanya na vitabu vyao vya alama vikaguliwe. Akaiacha kazi ya Lavington, akawaita wale arobaini na watatu mmoja mmoja kila jioni. Nashon, aliyepewa tatu kwa uchangamfu tu, alipata mbili, na baba yake akaja juu. Mwalimu akampokea na kumweleza.

Siku ya wazazi mwishoni mwa muhula, Kalekye alifika na binti yake, akaketi bila kukaribishwa. Mwalimu alianza na hesabu, akaeleza kwamba Nzembi anaelewa sehemu ila anaharakisha. Kalekye hakuitikia. Alimgeukia mtoto.

"Ndivyo?"

Nzembi alifikiri. Hakuwa na haraka yoyote. Mwalimu aliweka kalamu chini, akangoja kusikia atakavyosema.