Meno ya Pamba

"Mupike tu huyo sungura, Mama Ange," jirani yangu Badibanga aliniambia mbele ya munganga wa wanyama.

Meno ya nyuma ya sungura wangu, Pamba, yanakua ovyo na kumukata ulimi. Kila yakirefuka lazima yapunguzwe, na lazima kwanza alazwe kwa dawa ya usingizi. Munganga hakunificha: "Hatari iko, mama. Moyo wake ni mudogo. Siku moja anaweza asiamuke."

"Basi tumushike kwa nguvu, umukate bila dawa," Badibanga akasema.

Hapo hasira ikanipanda. Nikainua kikwembe, nikamuonyesha kovu la mguu wangu.

"Wakati wa vita, hapa hapa Kindu, walinitoa risasi bila dawa, maana dawa haikukuwako. Wanaume wane walinishika. Wewe ulikuwa mumoja wao, Badibanga. Umesahau namna nililia?"

Nikamupa munganga sungura wangu.

"Mulaze. Asipoamuka, nitalia mimi. Lakini hakuna muntu atamushika kwa nguvu."