Herufi za Kuazima

Kila Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, kabla mlango wa maktaba haujafunguliwa, mkutubi alifuta vioo vya vishikwambi ishirini na vinne kwa kitambaa laini, akianzia vile vya dirishani. Watu walimwita Bi Mhuri. Kwa miaka ishirini na sita aligonga mhuri wa tarehe kwenye kila kitabu kilichoazimwa, na jina lilimbakia hata baada ya mhuri wenyewe kufungiwa kabatini. Vitabu vya karatasi, elfu kumi na moja kwa hesabu, vilibebwa na lori kwa siku mbili, vikapelekwa kiwandani kutengenezwa trei za mayai. Badala yake manispaa ilikodi vitabu vya kidijitali kutoka kampuni moja ya mbali. Vilikuwa vingi na safi, mchwa hawakuviweza, na kila kimoja kilikuja na tarehe yake ya kwisha.

Ukutani, juu ya meza ya Bi Mhuri, yalibaki maandishi ya rangi ya buluu: Elimu haina mwisho. Chini yake ilibandikwa orodha ya tarehe za mwisho, mwezi kwa mwezi.

Wa kwanza kupatwa alikuwa mfuga nyuki. Saa sita kamili mchana, siku ya mwisho ya mwezi wa pili, leseni ya kitabu cha ufugaji nyuki ilikwisha. Mwenyewe alikuwa amekaa meza ya nne, anasoma habari za mpira. Sikio lake la kushoto likaanza kutoa vumbi jeusi, laini kama masizi, likamwagikia begani, kisha mezani. Halikuchukua hata dakika mbili. Bi Mhuri alisogea na brashi na kizoleo. Alipoinama aliona kwamba vumbi lile lilikuwa herufi, ndogo kuliko mbegu za mchicha, nukta zikiviringika kivyake.

"Samahani, nimekuchafulia," mfuga nyuki akasema.

"Si kitu. Inua kiwiko."

Jioni ile mfuga nyuki aliiendea mizinga yake bila moshi wala kinyago, maana vyote viwili alikuwa amevijulia kwenye kitabu kile. Alirudi maktaba baada ya wiki, uso bado umevimba, akaomba kukisoma tena. Akaambiwa hakijaongezewa muda.

"Basi nipe cha kuku," akasema.

Bi Mhuri alipiga simu kampuni. Mwanamke mwenye sauti ya upole alimweleza kwamba hakuna hitilafu yoyote. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, leseni ikiisha, maudhui yote hurudi kwa mwenyewe, popote yalipohifadhiwa.

"Hata kichwani?"

"Popote, dada."

Juma lililofuata zilifika bahasha ngumu za kahawia, anwani imekwisha kuchapwa, za kurudishia vumbi.

Watu walizoea. Siku za mwisho wa mwezi walikuja na leso. Riwaya ilitoa kijiko kimoja cha chai, kitabu cha sheria robo kikombe. Diwani ya mashairi ilitoa punje chache tu, ingawa Bi Mhuri, aliyezipima zote kwenye mizani ya barua, aliona punje hizo zilikuwa nzito kupita kiasi chake. Mwalimu mstaafu, aliyekuja kila asubuhi kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kubishana naye, alipangusa kola yake akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Akaongeza kwamba msemo huo alipewa na bibi yake kwa mdomo, kwa hiyo ulikuwa salama.

Mume wa Bi Mhuri alikuwa fundi bomba. Alikuwa na miaka hamsini na nane na hakuwahi kwenda shule. Aliweza kuweka sikio ukutani akakwambia bomba limepasuka wapi, lakini risiti zake aliandikiwa na mkewe. Mwaka ule vishikwambi vilipokuja, vilikuja pia na kitabu cha kisomo cha watu wazima, kinachotamka herufi kwa sauti. Fundi alianza kuja maktaba baada ya kazi, amenawa mikono mpaka viwikoni, akakaa meza ya mwisho akinong'ona ba, be, bi. Alikipitia kitabu kile mara tisa. Hakutaka kusaidiwa.

"Wewe una wateja wako," alimwambia mkewe. "Niache na huyu, hachoki."

Mwezi wa tisa alianza kusoma chochote kilichompita mbele. Alisoma mifuko ya saruji na vibao vya madaktari. Asubuhi moja, mkewe akikaanga mayai, alikamata trei tupu akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kiwandani hawakusaga sawasawa, kipande cha ukurasa kilikuwa kimeganda kwenye shimo moja.

"Kisha akamwambia," fundi akasoma. Akachungulia shimo la pili na la tatu. "Akamwambia nini?"

"Sijui, mzee. Kilikuwa kitabu."

Alichotaka hasa kusoma hakuwahi kukisema, ila mkewe alikijua. Binti yao wa pekee alikuwa anafanya kazi nchi nyingine, mwaka wa saba sasa. Alipiga simu kila Jumapili wakasalimiana na kuulizana hali ya hewa. Mambo mazito aliyaandika kwenye simu ya mama yake, kwa sababu maandishi hayatetemeki kama sauti. Mama ndiye aliyemsomea baba. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza ukuta, na mara moja tu, miaka miwili nyuma, alisema, "Mama, hapa maji yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka." Mkewe alimjibu kwamba binti yao ana mazoea ya kurudiarudia maneno. Yakaishia hapo.

Mwezi wa kumi, Bi Mhuri alipokuwa anabandika orodha mpya, aliona kitabu cha kisomo kimo. Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki. Aliandika barua manispaa, manispaa ikaiuliza kampuni, na jibu likaja haraka. Kitabu hicho hakingeongezewa muda, kwa sababu takwimu zilionyesha wasomaji wake walikaa muda mrefu mno kwenye ukurasa mmoja, dalili kwamba hakipendwi.

Angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza tangu maktaba mpaka mlangoni kwake. Lakini alimkuta mumewe amekaa barazani anasoma karatasi ya maelekezo ya dawa ya presha, yote, mpaka jina la kiwanda, na akamwambia.

Fundi aliikunja karatasi.

"Tarehe ngapi?"

"Thelathini. Saa sita."

"Zote zinakwenda?"

"Kitabu kile ndicho kilichokupa zote."

Fundi aliiweka karatasi kando. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe simu yako. Nataka kumsoma mtoto wangu kabla sijafungiwa."

Kwa muda kama wa kuhesabu mpaka kumi, Bi Mhuri aliishika simu tumboni. Ujumbe hufutwa kwa kidole kimoja tu, hilo alilijua. Akampa.

Alisoma siku nne, mezani, kidole kikitambaa chini ya kila mstari, akianzia ujumbe wa mwanzo kabisa. Hakwenda kazini. Watu wawili walikuja kumwita kwa ajili ya mabomba yaliyopasuka, akawaambia wafunge maji barabarani wasubiri. Mkewe alipika, akaenda maktaba, akarudi, akamkuta palepale. Siku ya tano asubuhi alimwita.

"Mama. Hapa pameandikwa mtoto."

"Ndiyo."

"Tumempa jina la baba." Alisoma polepole, bila kukosea. "Amekaa siku mbili." Kidole kikasimama. "Siku mbili wapi?"

"Duniani."

Fundi alirudi juu, akausoma ujumbe wote tena, kisha tarehe.

"Siku hii ulinisomea habari za baridi. Nakumbuka. Nilikwambia mwambie avae soksi."

"Baridi ilikuwepo. Imeandikwa mwishoni."

"Ipo," fundi akakubali, akiiangalia.

Bi Mhuri alimweleza kwamba wakati ule ndiyo kwanza mumewe ametoka hospitali na presha, daktari akaonya asipewe mshtuko. Binti mwenyewe aliandika, mweleze baba taratibu. Naye Bi Mhuri alipanga kumweleza taratibu. Alipanga mwezi ule, na uliofuata, na kila siku ilivyopita neno lilizidi kuwa zito kulibeba mpaka mdomoni. Yote hayo yalikuwa kweli, na alipoyasema aliyasikia yakitoka madogo.

Fundi hakugomba. Alitoka uani akalifungua bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote, akatoa vipande vyake vyote akavipanga juu ya gunia, akavipangusa kimoja kimoja, akavirudisha. Ikamchukua mpaka saa nane. Aliporudi ndani aliomba simu tena, akaandika ujumbe wake wa kwanza. Maneno yalikuwa matano na yalimchukua muda wa kuchemsha maharage: Mwanangu, nimesoma mwenyewe leo. Pole.

Haikuwa Jumapili, lakini binti alipiga. Waliongea habari za mtoto yule, alikuwa na nywele nyingi, alikuwa na masikio ya babu yake. Bi Mhuri alikuwa chumba cha pili, anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Usiku hawakulala vyumba mbalimbali wala hawakununiana, ila kwa siku zilizobaki fundi alisoma kila kitu mwenyewe. Mkewe akifungua mdomo kumsaidia, aliinua kidole.

Tarehe thelathini fundi alivaa shati la kola, akaenda maktaba saa tano na nusu. Hakutaka iwe njiani. Alikaa meza yake ya mwisho, kishikwambi kimezimwa mbele yake. Mwalimu mstaafu alisogeza kiti akakaa naye, na kwa mara ya kwanza hakubishana. Fundi aliyasoma maandishi ya ukutani, yaliyosema elimu haina mwisho, akayasoma tena, na saa ilipogonga sita alikuwa kwenye neno la pili.

Vumbi lilitoka masikio yote mawili, kwa sababu ya zile mara tisa. Lilitoka taratibu. Bi Mhuri alilikinga kwa karatasi, akalimimina kwenye bahasha kupitia faneli, akapima, akaandika uzito. Kisha akamsogezea mumewe fomu ya kurudisha maudhui, palipoachwa nafasi ya sahihi. Asubuhi ile, kwenye daftari la wageni, fundi alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa. Sasa aliishika kalamu, akaitazama ncha yake, akairudisha mezani. Mkewe alifungua kidau cha wino. Fundi akabonyeza dole gumba.

Ya mjukuu hakuyasahau. Ujumbe wa binti haukuwa mali ya kampuni, kwa hiyo nywele na masikio vilibaki. Kilichokwenda ni njia ya kuufikia tu.

Bi Mhuri alijaribu. Alikata maboksi, akaandika herufi kwa mkono wake mwenyewe, kubwa, na kila jioni wakakaa barazani. Kwa wiki moja fundi alishika a, e, i, o, u. Ijumaa saa sita mchana, akiwa chini ya sinki la mteja, zote tano zilimdondokea kwenye ukosi. Kampuni ilipoulizwa ilijibu kwamba irabu hizo zilikuwa zimesajiliwa tayari kwa jina lake kama maudhui yaliyotumika, na mwandiko haubadilishi maudhui. Waliomba zirudishwe. Bi Mhuri alizituma kwa bahasha ndogo.

"Acha tu," fundi akamwambia alipomwona anatafuta boksi jingine. "Nimechoka kutiwa na kutolewa."

Maktaba iliongezewa vishikwambi kumi. Mfuga nyuki alisoma cha kuku mpaka kikaisha, akahamia cha sungura. Mwalimu mstaafu alipoteza historia ya vita viwili na kitabu kizima cha chesi, na akasema kichwa chake sasa kina hewa nzuri. Fundi alirudi kwenye mabomba yake, na risiti zikaandikwa tena na mkewe.

Mwezi wa tatu, Jumamosi baada ya chakula, simu ililia mara moja juu ya meza. Fundi alikuwa anakata bomba kwa msumeno mdogo. Aliuweka chini.

"Ni yeye?"

"Ni yeye," mkewe akasema, akavaa miwani.

Ulikuwa ujumbe mrefu. Binti aliandika kwamba ana ujauzito wa miezi minne. Aliandika kwamba daktari amesikiliza moyo wa mtoto na unapiga polepole, vilevile kama wa yule wa kwanza, na amemwambia arudi baada ya wiki mbili, na kwamba haogopi ila halali. Aliandika kwamba huko mvua zimeanza. Bi Mhuri aliusoma wote kimya, kisha akamwangalia mumewe, aliyekwisha kuinamisha kichwa.

"Anasema ana ujauzito," akasoma. "Miezi minne. Anasema huko mvua zimeanza."

Fundi hakuinua kichwa.

"Daktari anasemaje?"

"Hajaandika habari za daktari."

Alinyoosha mkono, naye akampa simu. Fundi aliishika sawasawa, juu kukiwa juu, akaisogeza mbali kidogo kama wenye kusoma wanavyofanya. Kidole chake kilipita pembeni ya maandishi, kikishuka, kikihesabu.

"Mistari ni mingi," akasema.

"Kioo chenyewe ni chembamba."

Aliitazama kwa muda, kisha akamrudishia.

"Mvua ni jambo jema," akasema, akachukua msumeno.